Maswali ya Wasomaji: Askari Washukao Pwani

Katika toleo lililopita tulieleza jinsi manowari ya Kijerumani Königsberg, baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja tarehe 20 Septemba 1914, ilivyojificha katika mikono ya mto Rufiji hadi ilipoangamizwa Julai 1915. Barua zilizofuata hazikushughulika sana na manowari yenyewe. Wengi wameuliza juu ya askari wanaotoka baharini kuja kupigana nchi kavu, na kwa kuwa ukurasa ni mmoja, nimechagua barua sita.

Shikamoo Mzee. Hapa kijiweni tumebishana: je, mwanamaji na yule askari anayeitwa marini ni mtu mmoja? Mwenzetu mmoja anashikilia kwamba wote ni “askari wa majini” na tofauti ni ya sare tu. (Msomaji, Kilwa Masoko)

Marahaba. Si mtu mmoja, ingawa hulala katika meli moja na kula chungu kimoja. Mwanamaji kazi yake ni chombo: kukiendesha, kukitunza, kuilisha mitambo yake na kupiga mizinga yake. Marini ni askari wa miguu aliyezoezwa kuishi melini na kushuka pwani akiwa tayari kupigana. Hispania huhesabu askari wake wa aina hiyo tangu mwaka 1537, Uingereza iliunda kikosi chake cha kwanza mwaka 1664, na Marekani tarehe 10 Novemba 1775. Hapo zamani kushuka pwani hakukuwa ndiyo shughuli yao kubwa. Walipiga bunduki kutoka sitahani na juu ya milingoti wakati meli mbili zilipokaribiana, na katika siku za kawaida waliwalinda maafisa dhidi ya mabaharia wao wenyewe, ambao wengi walikuwa wameingizwa kazini kwa nguvu na hawakuwa na sababu ya kuwapenda wakubwa wao. Ama hilo jina la “askari wa majini”, mimi hulikwepa, kwa sababu asiyejua anaweza kudhani ni askari walioagizwa kwa mganga.

Ugumu wa kazi yao uko katika kile kipande kifupi cha maji na mchanga ambapo meli haiwezi kuingia na askari bado hajapata mahali pa kujificha. Watu wa pwani hawahitaji kufundishwa hilo na kitabu cha Kizungu. Mwanzoni mwa karne ya 19 majeshi ya Mazrui wa Mombasa pamoja na wenzao wa Pate yalishuka Shela, katika kisiwa cha Lamu, yakitaraji ushindi mwepesi. Watu wa Lamu waliwasukuma nyuma hadi ufukweni, na huko wavamizi wakakuta maji yamekupwa na majahazi yao yamelala ubavu juu ya mchanga. Walikuwa na njia ya kuja, lakini hawakuwa na njia ya kuondoka, na wengi waliuawa hapo hapo pwani. Kikosi kilichofunzwa kushuka pwani huuliza habari za bamvua na maji mafu kabla ya kuuliza idadi ya adui.

Mhariri, sisi wa Tanga tumekua tukisikia kwamba mwaka 1914 Wajerumani waliwafuga nyuki na kuwafungulia Waingereza. Je, ni kweli? Na ilikuwaje jeshi la watu wengi vile likashindwa na watu wachache? (Msomaji, Chumbageni)

Nyuki walikuwako, ila hawakufugwa na jeshi lolote. Walikuwa katika miti ya maeneo ya mapigano, risasi zikavuruga mizinga yao, nao wakatoka kwa hasira bila kuchagua bendera. Waingereza na Wahindi waliumwa vibaya, na wapigaji wa bombomu upande wa Wajerumani nao waliumwa. Hadithi ya nyuki waliotegwa ilipendwa na walioshindwa kwa sababu ilikuwa nyepesi kuisimulia kuliko ukweli.

Ukweli wenyewe unaanzia mbali na Tanga. Kikosi kilichoitwa Kikosi cha Msafara B cha India, chini ya Meja Jenerali Arthur Aitken, kiliondoka Bombay tarehe 16 Oktoba 1914 kikiwa na watu wapatao 8,000. Baadhi walikuwa askari wazuri, kama wale wa Loyal North Lancashire na wapiga bunduki wa Kashmir, lakini vikosi vingi vilikuwa havijawahi kufanya mazoezi pamoja, na hakuna hata kimoja kilichokuwa kimezoezwa kushuka pwani mbele ya adui. Walisongamana katika meli za uchukuzi, katika joto na chakula ambacho wengine hawakukizoea, huku bahari ikiwalevya, na walipofika hawakupewa hata siku moja ya kunyoosha miguu. Jenerali aliambiwa kwamba askari wa King’s African Rifles (KAR, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza), waliowajua Wajerumani na waliolijua pori, wangeweza kumsaidia. Hakuwataka.

Kosa lililofuata lilikuwa la upande wa bahari, na kwa maoni yangu ndilo lililomaliza mchezo. Asubuhi ya tarehe 2 Novemba manowari Fox, chini ya Kapteni Francis Caulfeild, iliingia peke yake na kuwataka wakuu wa mji wasalimu amri. Kulikuwa na mapatano ya awali ya kutoshambulia bandari, na Waingereza waliona ni heshima kutangaza kwamba mapatano hayo yamekwisha. Mkuu wa wilaya wa Kijerumani aliomba muda, akarudi mjini, akapeleka habari kwa Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa majeshi ya Kijerumani. Halafu Fox ikaanza kutafuta mabomu yaliyotegwa baharini, ambayo hayakuwamo. Saa hizo zote treni za reli ya Usambara zilikuwa zikishusha askari kutoka upande wa Moshi. Anayekuja kukushambulia kutoka baharini ana silaha moja ambayo wewe wa nchi kavu huna, nayo ni kwamba hujui atashuka wapi wala lini. Caulfeild aliikabidhi silaha hiyo kwa adui kwa mkono wake mwenyewe.

Kwa hofu ya mabomu hayo ya kufikirika, askari hawakushushwa bandarini bali Ras Kasone, penye mikoko na mwinuko, usiku, kwa matishari yaliyokokotwa na boti. Kundi la kwanza lilisonga mbele asubuhi ya tarehe 3 likarudishwa. Usiku ule Lettow-Vorbeck aliingia mjini akiwa juu ya baiskeli, akaizunguka Tanga iliyokuwa kimya, akaona mahali pa kuwaweka watu wake, ambao jumla yao ilikuwa kama elfu moja tu, wengi wao Waafrika. Tarehe 4 mchana jeshi zima la Aitken liliingia katika mashamba ya mpira na vichaka, likapoteza mpango wake. Upande mmoja Waingereza na Wakashmiri walifika hadi ndani ya mji. Upande mwingine kikosi kizima kilivunjika na kukimbilia ufukweni. Tarehe 5 walirudi melini wakiacha bunduki za rashasha, mamia ya bunduki za kawaida na risasi zipatazo 600,000, mali ambayo iliwapa silaha askari wa Kijerumani kwa muda mrefu. Waingereza walipoteza zaidi ya watu 800, waliokufa na waliojeruhiwa pamoja. Aitken alishushwa cheo.

Wengi hushangaa kwamba manowari ilikuwa karibu na bado haikuwasaidia walio pwani. Msituni hawakuonekana, na hapakuwa na utaratibu wa kuiambia meli ipige wapi. Ndiyo maana vikosi vya kushuka pwani vya baadaye huenda na mtu mmoja ambaye kazi yake yote ni kuzungumza na meli.

Mzee, heshima yako. Babu alituambia kwamba Wazungu walileta Ziwa Tanganyika mashua iitwayo “Mimi” kwa kuwa nahodha wake alikuwa mtu wa majivuno. Naomba ukweli. (Msomaji, Ujiji)

Babu amekosea asili ya jina, lakini hakukosea tabia ya nahodha. Luteni Kamanda Geoffrey Spicer-Simson alitaka mashua zake mbili ziitwe Paka na Mbwa. Wakubwa wake wakakataa, naye akawapelekea Mimi na Toutou, ambayo kwa Kifaransa cha watoto yanarejea kwenye wanyama wale wale. Kwamba “mimi” ni neno letu, hilo ni bahati tu, ingawa lilimfaa.

Shida iliyomleta ilikuwa ya kweli. Wajerumani walilitawala ziwa kwa vyombo vichache vyenye silaha, na maadamu walilishika, waliweza kupeleka askari kwenye pwani yoyote ya Kongo au ya Rhodesia ya Kaskazini watakapo. Mashua mbili za injini, kila moja yenye urefu wa mita 12 hivi, mzinga mdogo mbele na bombomu nyuma, zilisafirishwa kutoka Uingereza Juni 1915 hadi Cape Town, zikapanda treni kwa zaidi ya kilomita 3,000 hadi Fungurume katika Kongo ya Wabelgiji. Kutoka hapo hapakuwa na reli. Zilivutwa kwa mashine za mvuke na makundi ya ng’ombe juu ya milima ya Mitumba, katika barabara iliyolazimu kukatwa upya na madaraja zaidi ya mia moja kujengwa. Baadaye zikaelea mto Lualaba katika maji ya kiangazi yaliyokuwa haba, zikapanda reli tena hadi mwambao ambako leo kuna mji wa Kalemie. Vitabu huwataja mabaharia 28 wa Kiingereza kwa majina yao. Maelfu ya Waafrika waliokata miti, kubeba maji ya kunyweshea mashine na kusukuma mahali ng’ombe waliposhindwa huandikwa kwa neno moja: wapagazi.

Mapigano yenyewe yalikuwa mafupi kuliko safari. Tarehe 26 Desemba 1915 mashua hizo ziliikamata Kingani ya Wajerumani katika muda usiozidi robo saa, nayo ikapewa jina Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann, iliyokuja kuitafuta mwenzake, ilizamishwa. Kesho yake ilitokea Graf von Götzen, meli kubwa iliyojengwa Papenburg, ikafika kwa makreti yapatayo 5,000 na kuunganishwa Kigoma, na ambayo ilikuwa na mzinga uliotolewa katika Königsberg iliyokufa Rufiji. Spicer-Simson aliitazama kwa darubini, akakataa kutoka bandarini. Alilaumiwa sana, na sijui kama kwa haki, maana mzinga mmoja wa namna ile ungetosha kwa mashua zake zote. Wajerumani wenyewe waliizamisha Götzen karibu na Kigoma tarehe 26 Julai 1916, mitambo ikiwa imepakwa mafuta mazito ili siku moja ifae. Ikafaa. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na tangu 1927 msomaji wangu wa Ujiji ameijua kwa jina Liemba.

Shikamoo. Marehemu babu yetu alikuwa KAR, naye alisema aliwahi “kuvamia kisiwa kwa meli” na kwamba kazi yake kubwa huko ilikuwa kuondoa magogo barabarani. Tulidhani ni maneno ya uzee. Kilikuwa kisiwa gani? (Msomaji, Songea)

Marahaba mwanangu. Hayakuwa maneno ya uzee. Kilikuwa Bukini, yaani Madagaska, mwaka 1942. Kisiwa kilikuwa mikononi mwa Wafaransa waliotii serikali ya Vichy, ile iliyoshirikiana na Wajerumani, na Waingereza waliogopa kwamba nyambizi za Kijapani zikipewa bandari ya Diego Suarez zitakata njia ya meli ziendazo Misri na India.

Alfajiri ya tarehe 5 Mei Waingereza walishuka upande wa magharibi, penye miamba na mikondo, kwa sababu mizinga ya Wafaransa ilitazama mlango wa bandari ulio mashariki. Hapa mafunzo ya Tanga yalionekana: hapakuwa na tangazo, na vyombo vya kutua vilikuwa vimetengenezwa kwa kazi hiyo. Hata hivyo jeshi lilikwama mbele ya mahandaki yaliyolinda mji. Usiku wa tarehe 6 manowari ndogo Anthony ilipenya mlango wa bandari kwa kasi chini ya mizinga, ikageuza nyuma yake kwenye gati, na marini 50 wakaruka nchi kavu nyuma ya watetezi. Hao hamsini walizua vurugu isiyolingana na idadi yao, na upinzani wa mjini ukaporomoka. Ukitaka kujua kikosi cha aina hii kinalipwa kwa kazi gani, ni kwa usiku kama ule.

Babu yenu alikuja baadaye. Septemba 10 Waingereza waliishika Majunga kwa kushuka tena kutoka baharini, na Brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki ikapita hapo kuelekea Antananarivo, wakaingia tarehe 23. Wafaransa hawakupigana sana. Waliangusha miti na kurundika mawe katika kila kona ya barabara, mamia kwa mamia, na askari wa KAR wakayaondoa moja baada ya jingine kuelekea kusini hadi Wafaransa walipokubali kusimamisha vita Novemba. Kwa hiyo magogo ni kweli, na kisiwa ni kweli. Kama kuna chumvi, iko katika neno “kuvamia”, nayo si nyingi.

Ndugu Mhariri, katika toleo la nyuma uliandika kwamba marini wa Kiingereza waliwahi kushuka Dar es Salaam baada ya Uhuru. Je, hukukosea mwaka? (Msomaji, Mbagala)

Sikukosea. Tarehe 20 Januari 1964, siku nane baada ya Mapinduzi ya Zanzibar, askari wa Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito waliasi wakidai mishahara na kuondolewa kwa maafisa wa Kiingereza. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliomba msaada, na alfajiri ya tarehe 25 Januari marini wa Kikosi cha 45, waliokuwa wametoka Aden na meli ya kubebea ndege Centaur, walifika Colito kwa helikopta huku manowari Cambrian ikipiga mizinga kama kitisho. Kambi ilisalimu amri muda mfupi baadaye. Hawakukanyaga mchanga wala maji, na bado walikuwa kikosi cha kutua kutoka baharini; helikopta ilikuwa imekwisha kukifuta kile kipande kibaya cha ufuko nilichokieleza hapo juu.

Mwalimu hakuificha aibu ya kumwita mkoloni wa jana, na jeshi lile lilivunjwa. JWTZ ilizaliwa tarehe 1 Septemba mwaka huo huo. Jina Colito, ambalo lilikuwa la uwanja wa vita wa KAR huko Ethiopia mwaka 1941, lilitoweka, na mahali pale leo ni Lugalo.

Mzee, sisi Mombasa twajisifu kwamba Wanamaji wa Kenya, walipotua Kismayu, walikuwa jeshi la kwanza la Kiafrika kufanya shambulio la kutoka baharini. Wenzetu wa Bara wasema twatia chumvi. Twaomba hukumu. (Msomaji, Likoni)

Sifa mnayo, ila si ya ukwanza. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Septemba 2012 askari wa Kenya walishuka fukwe za karibu na Kismayu huku wenzao wakija kwa nchi kavu, na siku iliyofuata wapiganaji wa Al-Shabaab walikuwa wakiuhama mji. Kwa jeshi la wanamaji lililoanzishwa Desemba 1964 na ambalo kwa miaka mingi shughuli yake ilikuwa doria, hilo lilikuwa jambo kubwa. Likoni mmezizoea kuziona Galana na Tana, meli zilizoundwa Hispania katika miaka ya 1990 zenye mlango wa mbele unaofunguka juu ya mchanga, hivyo mnajua kwamba matayarisho hayakuanza juzi.

Lakini miaka minne na nusu kabla yake, tarehe 25 Machi 2008, askari wa Tanzania na Sudan walitua kisiwa cha Nzwani pamoja na jeshi la Komoro, kwa idhini ya Umoja wa Afrika, ili kumwondoa Kanali Mohamed Bacar aliyeng’ang’ania madaraka kisiwani. Kufikia siku ya pili Bacar alikuwa amekimbilia Mayotte kwa mashua. Huko watu wa Tanzania hawakuhitaji mkalimani sana, jambo ambalo Aitken na jeshi lake hawakuwa nalo hata chembe.

Na kabla ya hao wote kuna Nigeria. Julai 1967, vita vya Biafra, jimbo lililotaka kujitenga, vikiwa vichanga, jeshi la shirikisho lilishuka Bonny kutoka baharini, likashuka tena Calabar Oktoba, na Mei 1968 likaingia Port Harcourt. Divisheni ya Tatu iliyofanya kazi hiyo ilianza kama divisheni ya kawaida ya askari wa miguu. Kamanda wake, Benjamin Adekunle, ndiye aliyeibatiza jina la makomando wa marini baada ya kazi ya Bonny, wala hakungoja sana ruhusa. Basi waambieni wenzenu wa Bara kwamba chumvi ipo, na waambieni pia kwamba wao hawana hata bahari ya kuitolea chumvi hiyo. Mkipita Fort Jesus mtauona pale mzinga mmoja wa Königsberg, uliopandishwa kutoka Rufiji na kuburutwa vitani nchi kavu. Uelekeeni mkiwa na watoto, wataupenda kuliko maelezo yangu.